Aniceti Kitereza

Aniceti Kitereza (1896 – 1981) alikuwa mwandishi wa riwaya kutoka kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa riwaya yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Aliiandika kwa lugha ya Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilitolewa miaka 35 baadaye, na mwandishi alifariki kabla nakala hazijamfikia.

Utoto na elimu

Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, wakati Wajerumani walipokuwa wameanza kutawala eneo hilo. Baba yake, Malindima, alikuwa wa ukoo wa watawala wa kisiwa. Baba huyo alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na Kitereza akalelewa katika ikulu ya Omukama Mukaka, mtawala wa Ukerewe wa wakati huo. Cheo hicho cha omukama ndicho kilichotumika pia Karagwe na katika falme za Wahaya. Huko ikuluni aliona na kusikia mambo mengi ya desturi, kesi na masimulizi ambayo baadaye yalijaza kurasa za kitabu chake.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya Mapadri Weupe ya Kagunguli, akabatizwa na kupewa jina la Aniceti. Mwaka 1909 alipelekwa katika seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Alikaa huko takriban miaka kumi akijifunza Kilatini, falsafa na dini, pamoja na lugha nyingine za Ulaya. Seminari hiyo ndiyo iliyomsomesha baadaye Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu.

Kwa kijana Mkerewe, Rubya haikuwa ugenini kabisa kwa upande wa lugha. Kikerewe ni ndugu wa karibu wa Kihaya na Kinyambo, na msemaji wa lugha mojawapo hutambua maneno mengi ya nyingine.

Kazi na familia

Kitereza hakuendelea hadi upadri. Mwaka 1919 aliacha seminari, akarudi nyumbani na kumwoa Anna Katura. Walipata watoto, lakini wote walikufa wakiwa wadogo. Kwa desturi za wakati ule, mume asiye na mtoto alitazamiwa kuoa mke mwingine. Kitereza hakufanya hivyo. Aliishi na Anna hadi uzeeni.

Kwa miaka kadhaa alifanya kazi Mwanza kwa mfanyabiashara mmoja Mwitaliano. Vita Vikuu vya Pili vilipotokea, kazi hiyo ilikoma, naye akarudi Ukerewe na kuitumikia misheni ya Kagunguli kama karani, katekista na mfasiri. Hapo alifanya kazi pamoja na padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada aliyependa sana lugha na mila za kisiwa. Wazee waliokumbuka maisha ya kabla ya ukoloni walikuwa wakipungua, na Simard alimhimiza Kitereza aandike habari za Wakerewe.

Uandishi wa riwaya

Kitereza angeweza kuandika orodha ya mila: sura ya ndoa, sura ya uvuvi, sura ya dawa. Aliona kwamba kitabu cha namna hiyo kingechosha wasomaji, hasa vijana. Akachagua hadithi ya mtu na mke wake, na mila akazipitisha ndani ya maisha yao.

Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wanamsumbua na kumtaka aoe mwingine. Wazazi wa mke wanapopata habari za maneno hayo wanamchukua binti yao na kumrudisha kwao. Myombekere anakwenda ukweni kuomba arudishiwe mke wake, naye anatozwa faini ya pombe ya ndizi, ile ambayo watu wa Kagera huiita rubisi. Analipa, mke anarudi, na wote wawili wanatafuta mganga. Hatimaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye binti, Bulihwali. Sehemu ya pili ya riwaya inafuata maisha ya watoto hao.

Majina ya watoto yana maana. Ntulanalwo ni mtu anayesema kwamba siku zote anakaa na kifo. Bulihwali ni swali la lini huzuni itakwisha. Msemaji wa Kinyambo au Kihaya husikia ndani ya jina la pili kitenzi cha kwisha anachokitumia mwenyewe kila siku.

Safari ya muswada

Baada ya mwaka 1945 Simard alijitahidi kupata mchapishaji, akaanza pia kazi ya kuifasiri riwaya kwa Kifaransa. Alifariki katika miaka ya 1950 kabla ya kazi hiyo kukamilika. Wachapishaji walisita kwa sababu wasomaji wa Kikerewe ni wachache, na muswada ukabaki kwa mwandishi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mke wake Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti wa historia ya kisiwa. Walimfahamu Kitereza, wakamsaidia kutafuta mchapishaji upya na kuandika makala kumhusu. Jibu lililopatikana lilikuwa kwamba kitabu kingekuwa na nafasi kama kingekuwa kwa Kiswahili. Kitereza, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70 na mwenye maumivu ya viungo, alikaa chini na kuitafsiri kazi yote mwenyewe.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikubali kuitoa. Kitabu kina tarehe ya mwaka 1980 na kilipigwa chapa nchini China. Kitereza alifariki mwaka 1981, na nakala zilifika baada ya kifo chake.

Maudhui na uchambuzi

Mwanafunzi anayechambua riwaya hii anapaswa kwanza kutofautisha mwaka wa kuandikwa na mwaka wa kutolewa. Akitazama mwaka 1980 peke yake, ataipanga pamoja na riwaya za Ujamaa na kushangaa kwamba haisemi lolote juu ya vijiji au siasa. Kumbe ilikamilika miaka 16 kabla ya uhuru wa Tanganyika, na miaka 13 kabla ya Chinua Achebe kutoa Things Fall Apart. Matukio yake yenyewe ni ya kabla ya Wazungu kufika kisiwani.

Pili, wahakiki wamejadiliana kama kazi hii ni riwaya au ni maelezo ya mila. Hoja ya upande wa pili ina uzito: masimulizi husimama mara nyingi ili kueleza namna ya kusalimiana, kutengeneza pombe, kuvua au kutibu. Hata hivyo, maelezo hayo mara nyingi yana kazi katika hadithi. Faini ya pombe, kwa mfano, inamlazimu Myombekere kuomba msaada wa ndugu na majirani, na hivyo msomaji anaona kwamba ndoa si mali ya watu wawili tu.

Tatu, kuna suala la falsafa ya utu. Jamii ya riwaya inampima mtu kwa uzao wake. Kitereza haishambulii jamii hiyo, lakini anamweka mbele mwanamume anayemthamini mke kabla ya mtoto. Ni rahisi kusema kwamba mwandishi anasimulia maisha yake mwenyewe. Kufanana kupo, ila Myombekere alipata watoto waliokua, na Kitereza hakupata. Mchambuzi asiyachanganye maisha ya mwandishi na ya mhusika.

Tafsiri na urithi

Wilhelm Möhlig aliitafsiri riwaya kwa Kijerumani katika juzuu mbili zilizotoka mwaka 1990 na 1993. Tafsiri ya Kifaransa ilifuata katika miaka ya 1990. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mwalimu wa fasihi ambaye naye ni mwenyeji wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota.

Kitereza hakuacha mtoto. Leo anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa riwaya katika lugha za Kiafrika, na kitabu chake kinatumiwa na watafiti wa fasihi, historia na isimu.