Jock Stein, beki wa timu ndogo

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, uwanja wa kandanda hauko mbali na nyumba za wachumaji. Timu ya shule inapotafutiwa mkufunzi, aghalabu macho humwelekea mwalimu aliyesifika kwa mabao ujanani. Beki asiye na jina hafikiriwi. Kabla ya kuafiki uteuzi wa namna hiyo, yafaa tuyatazame maisha ya marehemu Jock Stein wa Uskochi. Hayuko mbali nasi sana: kampuni ya James Finlay, iliyoanza kilimo cha chai Kericho katika miaka ya 1920, chimbuko lake ni Glasgow, na ni Glasgow ambako Stein alivuma.

Alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1922 huko Burnbank, penye wachimba makaa ya mawe. Akiwa kijana aliteremka mgodini kama wenzake, na kuanzia 1942 akawa beki wa kati wa Albion Rovers, timu ndogo ya mji wa Coatbridge. Mwaka 1948 timu hiyo ilipanda daraja. Baada ya msimu mmoja ikashushwa. Mwaka 1950 alihamia Llanelly ya Wales, klabu isiyokuwamo hata katika divisheni za ligi ya Uingereza. Nani angalimtabiria makuu?

Desemba 1951 Celtic ilimnunua kwa pauni 1,200 ili awalee chipukizi wa timu ya akiba. Mabeki wakuu wakaumia, naye akaingizwa. Baadaye akawa nahodha, na mwaka 1954 Celtic ikatwaa ligi na kombe. Kisha kifundo cha mguu kikamsaliti. Mwaka 1957 alikabidhiwa vijana wa akiba, na hapo, nionavyo mimi, ndipo kazi yake hasa ilipoanza. Mchezaji ambaye hakujaliwa ufundi mwingi hulazimika kuusoma mchezo, na aliyeusoma ana la kumweleza mwanafunzi. Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Billy McNeill.

Machi 1960 alichukua Dunfermline iliyokuwa ikichungulia shimo la kushushwa daraja. Ilishinda mechi zake sita za kwanza chini yake, na mwaka uliofuata ikailaza Celtic yenyewe 2-0 katika marudio ya fainali ya Kombe la Uskochi. Baada ya kupitia Hibernian, alirejea Celtic mwaka 1965, Mprotestanti wa kwanza kuiongoza klabu iliyoasisiwa na Wakatoliki. Glasgow ulikuwa mji uliogawanyika kwa dini. Sisi tuonjao uchungu wa kugawanywa kwa makabila twauelewa uzito wa uteuzi huo.

Tarehe 25 Mei 1967, mjini Lisbon, Celtic iliyoongozwa na nahodha McNeill iliifunga Inter Milan 2-1 na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Ulaya. Wachezaji wote 11 walizaliwa katika umbali usiozidi kilomita 50 hivi kutoka uwanjani kwao. Ni kana kwamba mkufunzi wa Kericho ameteua vijana wa baina ya Londiani na Sotik, akaenda nao kuishangaza Ulaya! Kutoka 1966 hadi 1974 Celtic ilitwaa ligi mara tisa mfululizo.

Stein alifariki tarehe 10 Septemba 1985 mjini Cardiff, akiwa mkufunzi wa timu ya taifa ya Uskochi. Alizirai kando ya uwanja mwishoni mwa mechi dhidi ya Wales. Ilikuwa sare ya 1-1, na kwa penalti ya dakika za mwisho vijana wake walikuwa wamejiweka katika njia ya kwenda Meksiko, kwenye Kombe la Dunia la 1986.