Karen Carpenter: Wenzake kazini waliona anakonda, hawakujua wafanyeje

Kama unapenda zilipendwa za redioni, huenda umeshakutana na 'Yesterday Once More' au 'Top of the World'. Sauti hiyo nzito na tulivu ni ya Karen Carpenter, staa wa Marekani aliyefariki Februari 4, 1983 akiwa na miaka 32 tu.

Hakufa kwa ajali wala dawa za kulevya. Alikuwa na anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aogope kunenepa hadi ajinyime chakula, hata akiwa amebaki mifupa.

Binti wa drams

Karen alizaliwa Machi 2, 1950, New Haven, Connecticut. Mwaka 1963 familia ilihamia Downey, California, na huko sekondari ndiko alikojifunza kupiga drams. Yeye na kaka yake Richard walisaini na kampuni ya A&M mwaka 1969 kwa jina la Carpenters. Mwaka uliofuata 'Close to You' ikashika namba moja Marekani.

Raha yake ilikuwa kukaa nyuma ya drams. Lakini mashabiki walitaka kumwona anayeimba, akasogezwa mbele ya jukwaa, macho yote kwake.

Kilo 41

Alishawahi kufanya dayati akiwa kijana, akapungua. Miaka ya sabini ikawa kama gari lililokatika breki. Kufikia 1975 alikuwa na kilo 41 hivi, na ziara ya Uingereza na Japani ikafutwa kwa sababu hakuwa na nguvu.

Waliosafiri naye waliona. Mezani alikuwa akizungusha chakula kwenye sahani, kisha anawaonjesha wenzake kimoja kimoja hadi sahani inabaki tupu. Yeye hajala kitu. Alivaa nguo juu ya nguo kuficha mwili. Kumbe pia alikuwa akitumia dawa za kuharisha kwa wingi.

Wapo waliomsihi ale, wapo waliomkaripia, wapo waliokaa kimya. Mwenyewe alisema amechoka tu. Wakati huo watu wengi hata jina la ugonjwa huo hawakulijua.

Mwaka 1982 alikwenda New York kutafuta tiba, na Septemba akalazwa Hospitali ya Lenox Hill. Uzito ulirudi kiasi, lakini moyo ulikuwa umeshachoka. Miezi michache baadaye alianguka nyumbani kwa wazazi wake Downey. Kifo chake ndicho kilichofanya dunia ianze kuuzungumzia ugonjwa huu waziwazi.

Ingekuwa ofisini Katesh au Mbulu mjini?

Mtu akikonda, minong'ono huanza: ana TB, ana Ukimwi, ana vidonda vya tumbo, amerogwa. Mwingine anamsifia kwamba amependeza. Akikwepa chai ya saa nne kila siku, anasema amefunga, na Kwaresima nani atamhoji?

Kumsifia, kumtania au kumlazimisha amalize ugali mbele ya watu humfanya ajifiche zaidi. Kinachosaidia ni kumwita pembeni, mkiwa wawili, na kumweleza ulichokiona bila kutaja kilo wala umbo: kwamba siku hizi anachoka, anasikia kizunguzungu, hakai na wenzake wakati wa kula, nawe una wasiwasi naye.

Akikana, usigombane naye. Karen naye alikana. Mpe muda, endelea kumwalika chai bila kumkagua anakula nini, kisha rudia mazungumzo siku nyingine. Usipeleke habari zake kwenye grupu la WhatsApp.

Wala usijifanye daktari, maana kukonda kuna sababu nyingi. Jitolee kumsindikiza hospitali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyoanza mwaka 1955, ina huduma ya afya ya akili, na kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kumpima na kumpa rufaa.

Ila akizimia, akilalamika kifua kinauma au moyo unadunda ovyo, usisubiri akubali. Tafuta usafiri, mwahishe hospitali siku hiyohiyo.