Arnold Theiler: Daktari wa mifugo aliyebaki na mkono mmoja

Wafugaji wengi wanaotusikiliza wanaijua ndigana kali. Tezi chini ya sikio huvimba, joto la mwili hupanda, ng'ombe huhema kwa shida, na baada ya siku chache hufa. Kijidudu kinacholeta ugonjwa huo kinaitwa Theileria, jina lililotokana na mtu. Leo tunawasimulia maisha yake.

Arnold Theiler alizaliwa Machi 26, 1867 katika mji mdogo wa Frick nchini Uswisi. Alihitimu udaktari wa mifugo mwaka 1889. Mwaka 1891 alikwenda Pretoria, Afrika Kusini, akitarajia kujiajiri. Wateja walikuwa wachache mno, hivyo akaomba kazi kwenye shamba moja karibu na mji. Huko mashine ikamkata kiganja cha mkono mmoja.

Daktari wa mifugo hushika na kupasua wanyama kila siku. Wengi wangeiacha kazi hiyo, lakini Theiler hakuiacha. Mwaka 1893 ndui ilipozuka kwa wachimba dhahabu karibu na Johannesburg, alitengeneza chanjo, na serikali ikaanza kumtambua.

Sotoka yaingia

Mwaka 1896 sotoka, iliyokuwa imeshamaliza ng'ombe wa Wamaasai na wafugaji wengine wa Afrika Mashariki, ilifika kusini. Theiler aliajiriwa na serikali kuwa daktari wa mifugo. Yeye na mwenzake Herbert Watkins-Pitchford walitafuta kinga kwa kutumia damu ya ng'ombe waliopona.

Baada ya sotoka watu walihitaji mifugo mipya. Ng'ombe wakaletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 ndigana kali ikaingia pamoja nao. Wengi waliudhani ni ule ugonjwa wa kukojoa damu. Mwaka 1904 Theiler alikieleza kijidudu chake na kuonyesha kuwa ni tofauti. Yeye na mtafiti Charles Lounsbury walithibitisha pia kwamba huenezwa na kupe. Kupe mchanga hunyonya ng'ombe mgonjwa, huanguka majanini, hujivua gamba, kisha humpanda ng'ombe mwingine na kumwambukiza.

Ugunduzi huo uliwaonyesha wafugaji pa kuanzia: kuogesha ng'ombe, kuzungushia malisho uzio na kuzuia mifugo kuhamahama. Kazi ilikuwa ndefu. Afrika Kusini iliumaliza ugonjwa huo katika miaka ya 1950, Theiler akiwa ameshafariki.

Shule na urithi

Mwaka 1908 alifungua kituo cha utafiti cha Onderstepoort, karibu na Pretoria. Mwaka 1920 chuo cha madaktari wa mifugo kilianzishwa hapo, yeye akiwa mkuu wake wa kwanza. Hata hivyo, kwa miongo mingi milango yake ilikuwa wazi kwa wazungu tu, ingawa Waafrika walikuwa wafugaji kabla yake.

Theiler alifariki London Julai 24, 1936. Mwanawe Max alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa chanjo ya homa ya manjano.

Huku kwetu ndigana kali bado inaua. Kwa hiyo unapompeleka ng'ombe wako joshoni, au unapomkagua kupe masikioni, unafanya kazi ile ile iliyoanza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na wewe kijana unayetamani kuwa daktari wa mifugo, anza kwa kuwachunguza kwa makini wanyama wa nyumbani kwenu.