Rory Gallagher: Barobaro aliyenunua gitaa kwa deni, likaishia makumbusho

MNAMO 1963, barobaro wa miaka 15 aliingia katika duka la Crowley's mjini Cork, Ireland, akatoka na gitaa la umeme aina ya Fender Stratocaster. Bei ilikuwa pauni 100, hela ndefu enzi hizo. Rory Gallagher hakuwa nazo. Alilichukua kwa deni, alipe polepole.

Gitaa lenyewe, la mwaka 1961, lilikuwa mtumba. Mwenyewe wa kwanza, mwanamuziki wa Royal Showband, alikuwa ameagiza jekundu lakini akaletewa la rangi nyingine. Jekundu lilipofika, hili likarudi dukani.

Nyumbani nako kukazuka kesi. Mamake aliona deni hilo ni mzigo. Rory akamtuliza kwa hesabu: kwa gitaa hili angepiga ridhimu na solo peke yake, kwa hivyo bendi haingehitaji kulipa mpigaji wa pili. Mama akalegea.

Rory alizaliwa Machi 2, 1948 mjini Ballyshannon, akalelewa Derry na Cork. Akiwa bado mwanafunzi alijiunga na Fontana, bendi ya kumbi za densi. Mwaka wa 1966 akaunda kundi lake, Taste, lililotikisa tamasha la Isle of Wight, Uingereza, mwaka 1970 kabla ya kuvunjika mwisho wa mwaka huo. Hakukata tamaa. Mwaka uliofuata alianza kutoa albamu kwa jina lake, na wasomaji wa jarida la Melody Maker wakamchagua mpiga gitaa bora, mbele ya vigogo kama Eric Clapton.

Miaka hiyo mabomu yalikuwa yakilipuka Belfast na wasanii wengi waliukwepa mji huo. Rory aliendelea kwenda. Vijana wa Kikatoliki na Kiprotestanti, ambao mitaani walitenganishwa na uhasama, walisimama ukumbi mmoja wakimsikiliza.

Gitaa nalo lilipitia mengi. Liliwahi kuibwa Dublin, likapatikana siku kadhaa baadaye limetupwa nje, limenyeshewa na kuchubuka. Rory akaapa hataachana nalo. Shoo baada ya shoo, jasho lake lilizidi kung'oa rangi hadi mbao zikabaki wazi. Kifaa kikiharibika alibadilisha kile kimoja tu. Hata vifunguo vya kukazia nyuzi havikufanana vyote.

Rory hakuwahi kuoa. Maisha yake yalikuwa barabarani na jukwaani, nduguye mdogo Dónal akiwa meneja wake. Mwishowe afya ilimlemea. Aliwekewa ini jipya London, lakini akapata maambukizi na kufariki Juni 14, 1995, akiwa na umri wa miaka 47.

Baada ya kifo chake, kampuni ya Fender ilitoa gitaa maalum lenye jina lake. Magitaa ya aina hii huitwa ya saini, na wanaoyawinda ni wakusanyaji na wapigaji wenye mifuko mizito. La Rory lina vituko vyake: mafundi huchukua gitaa jipya kabisa, wakalichubua rangi, wakalitia mikwaruzo palepale ilipokuwa kwenye lake, hadi kile kifunguo kisichofanana na wenzake. Yaani mtu analipa zaidi ili apate gitaa lililochakaa!

Lile halisi lilipigwa mnada London mwaka 2024. Nyundo iligonga kwa pauni 700,000, na ukijumlisha ada likafika pauni 889,400. Walionunua, kampuni ya burudani ya Live Nation Gaiety, walilitoa zawadi kwa Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Lile deni la pauni 100 lililomnyima mama usingizi sasa ni mali ya nchi nzima.