Janani Luwum: Askofu aliyelipia haki kwa damu

ALIZALIWA Mucwini, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1922, akafundisha shule kabla ya kuwa kasisi. Mwaka 1974, Janani Luwum akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, wakati ambapo utawala wa Idi Amin ulikuwa ukiteka na kuua raia.

Kwake, kumhubiri Mungu wa haki huku akiwafumbia macho wauaji kulikuwa sawa na kumkana Mungu huyo. Februari 1977, baada ya askari kupekua nyumba yake usiku wakidai kutafuta silaha, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kulaani mauaji na kutoweka kwa watu.

Februari 16 alikamatwa pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kesho yake serikali ilitangaza kuwa wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Mwili wake, uliozikwa Mucwini, ulikuwa na majeraha ya risasi.

Amin aling'olewa mwaka 1979. Tangu mwaka 2015, Uganda humkumbuka Luwum kwa sikukuu ya taifa kila Februari 16.