William Gascoigne

William Gascoigne (takriban 1612 – 2 Julai 1644) alikuwa mwanaastronomia na mwanahisabati kutoka Yorkshire, Uingereza. Anakumbukwa kwa kuweka alama za kulengea ndani ya darubini.

Maisha na kazi

Mwishoni mwa miaka ya 1630 aliona uzi wa buibui uliotandwa ndani ya darubini yake ukionekana wazi pamoja na taswira ya angani, kwa sababu ulikuwa mahali hasa ambapo lenzi hukusanya taswira. Kutokana na hilo alibuni mikromita: ncha mbili zilizosogezwa kwa skrubu mpaka zikabana taswira. Kwa kuhesabu mizunguko ya skrubu alipima kipenyo cha Jua, Mwezi na sayari kwa pembe. Alimweleza rafiki yake William Crabtree kwa barua, lakini hakuchapisha uvumbuzi huo.

Aliuawa katika mapigano ya Marston Moor akiwa upande wa Mfalme Charles I. Mwaka 1667, baada ya Mfaransa Adrien Auzout kutangaza mikromita yake, Richard Towneley alieleza kwamba Gascoigne alikuwa ametangulia.

Urithi

Darubini za bunduki za uwindaji hufuata kanuni hiyohiyo. Mistari midogo iliyo chini ya alama ya katikati hupima pembe: miliradiani 1 ni sawa na sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100, na sentimita 30 kwenye mita 300. Hivyo, ikiwa risasi hushuka sentimita 30 kwenye mita 300, mwindaji hulenga kwa mstari wa miliradiani 1 badala ya alama ya katikati.