Fransisko, Mtoto wa Mwenye Duka

Ndugu msomaji, huenda umewahi kumwona mtawa aliyevaa kanzu ya rangi ya udongo, na kiunoni amejifunga kamba nyeupe yenye mafundo. Watawa Wakapuchini waliofika Dar es Salaam mwaka 1921 walivaa hivyo. Kamba ile si pambo. Aliyeanza kuivaa alikuwa mtoto wa tajiri, aliyevua mkanda wake wa ngozi na kuuacha. Jina lake ni Fransisko wa Assisi. Tusome habari zake.

Assisi ni mji wa nchi ya Italia. Umejengwa ubavuni mwa mlima. Fransisko alizaliwa huko mwaka 1181 au 1182. Baba yake, Pietro, alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alisafiri hadi Ufaransa kununua vitambaa vizuri, akaviuza kwao kwa faida. Inasimuliwa kwamba mtoto alipozaliwa, baba alikuwa safarini. Mama akampa mtoto jina la Yohane. Baba aliporudi akalibadilisha, akamwita Fransisko, maana yake Mfaransa. Wewe mwenyewe unaweza kuona moyo wa mzee yule ulikuwa wapi.

Siku zile mambo ya Italia yalikuwa yanageuka. Zamani heshima ilikuwa ya wenye ardhi na farasi wa vita. Sasa fedha zilianza kuzunguka kwa wingi, na wenye maduka nao wakapata nguvu. Mtu alipimwa kwa mali aliyo nayo. Fransisko alikaa dukani kwa baba yake, akapima nguo na kupatana bei na wanunuzi. Biashara aliijua. Lakini kutumia alijua zaidi. Alivaa nguo za thamani. Aliwafanyia vijana wenzake karamu, na usiku wakazunguka mjini wakiimba. Wazazi walinung'unika kidogo tu, kwa sababu walimpenda.

Kitu kimoja fedha za baba hazikumpa: sifa ya vita. Mwaka 1202 mji wa Assisi ulipigana na mji jirani wa Perugia. Fransisko akaenda vitani. Assisi wakashindwa, naye akatekwa na kutiwa gerezani karibu mwaka mzima. Aliporudi nyumbani akaugua muda mrefu. Siku moja akapata nafuu, akatoka nje kwa mkongojo kutazama mashamba na mizabibu aliyoipenda sana. Akatazama, lakini hakuona raha yo yote. Alishangaa mwenyewe. Vitu vilikuwa vile vile, ila havikumshibisha tena.

Hata hivyo alijaribu mara ya pili. Mwaka 1205 alinunua silaha na mavazi ya vita, akaondoka kwenda kusini. Hakufika mbali. Alipofika mji wa Spoleto akageuka, akarudi nyumbani. Watu wakamcheka.

Sasa fikiri juu ya wenye ukoma. Wakati ule dawa ya ugonjwa huo haikuwapo. Waliougua walikaa nje ya mji, mbali na watu. Fransisko aliwachukia kupita kiasi. Akiona nyumba zao kwa mbali alishika pua. Siku moja, akiwa juu ya farasi, alikutana na mmoja wao njiani. Safari hii hakukimbia. Alishuka, akampa sarafu, akambusu mkono. Baadaye akaenda kukaa nao na kuwauguza. Alipokaribia kufa aliandika kwamba mabadiliko yake yalianzia hapo. Lililokuwa chungu kwake likawa tamu.

Nje ya Assisi palikuwa na kanisa bovu la Mtakatifu Damiano. Fransisko alisali humo mbele ya msalaba. Inasimuliwa kwamba alisikia sauti ya Kristo ikimwambia aitengeneze nyumba yake. Yeye alielewa kuta na paa. Basi akachukua vitambaa dukani, akaenda sokoni Foligno, akaviuza vyote pamoja na farasi, akarudi kwa miguu. Padri wa kanisa lile aliogopa hasira ya mzee Pietro, akakataa fedha. Fransisko akazitupa dirishani.

Tusimlaumu mzee Pietro upesi. Mtoto wako wa kutegemewa akichukua mali ya duka bila ruhusa, akaiuza na kugawa fedha, utafanya nini? Pietro alimtafuta. Fransisko akajificha mwezi mzima. Alipojitokeza mjini amekonda, watoto walimtupia matope wakimwita mwenda wazimu. Baba akamkamata, akamfunga minyororo nyumbani. Ni mama aliyemfungua, baba alipokuwa safarini.

Mwisho shauri lilipelekwa mbele ya askofu Guido, mwaka 1206. Watu wengi walikuja kutazama. Askofu alimwambia kijana arudishe fedha za baba yake. Fransisko akakubali. Lakini hakuishia hapo. Alivua nguo zote, kwa kuwa nazo zilitoka dukani kwa baba. Akaziweka chini, na fedha juu yake, akasema kwamba tangu siku ile baba yake ni Baba wa mbinguni. Askofu akamfunika kwa joho lake. Pietro akachukua nguo na fedha, akaenda zake.

Mimi nikisoma habari hii humwonea huruma yule mzee akienda nyumbani na lile furushi la nguo mkononi. Baada ya hapo alipokutana na mwanawe akiombaomba mjini, alimlaani. Fransisko laana ile ilimuuma. Akamchukua maskini mmoja awe baba yake, akagawana naye chakula. Pietro akilaani, yule maskini alimbariki. Sijasoma po pote kwamba baba na mwana walipatana.

Hapa huenda utauliza: umaskini una uzuri gani? Sisi tunaujua. Tunalima, mvua inakatika, mtoto anaumwa na fedha ya dawa hakuna. Swali lako ni la haki. Fransisko hakusema kwamba njaa ni jambo jema. Mwenye njaa alimpa chakula, hata mkate wa mwisho. Umaskini wake aliuchagua mwenyewe, na sababu yake aliieleza. Askofu alipomwambia kwamba maisha yake ni magumu mno, alijibu kwamba wakiwa na mali itawabidi wawe na silaha za kuilinda. Mali huleta ugomvi na kesi, na ugomvi humzuia mtu kumpenda Mungu na jirani. Alikuwa ameviona vita vya Perugia. Alikuwa ameiona nyumba ya baba yake.

Wengine wakaanza kumfuata. Bernardo, mtu tajiri wa Assisi, aliuza mali yake yote na kuwagawia maskini. Mwaka 1209 Fransisko na wenzake 11 walikwenda Roma, na Papa Inosenti wa Tatu akawaruhusu kuishi hivyo. Walijiita Ndugu Wadogo. Mjini kwao watu walitengwa kuwa wakubwa na wadogo, nao walichagua upande wa wadogo. Mwaka 1212 binti wa ukoo mkubwa, Klara, alitoroka kwao usiku akaja kuishi vivyo hivyo, na wanawake wengi wakamfuata.

Usidhani walikaa bure. Kila ndugu mwenye ufundi aliendelea na kazi yake, na asiye na ufundi alitakiwa kujifunza. Waliwasaidia watu mashambani na kuwahudumia wenye ukoma. Malipo yao yalikuwa chakula. Sarafu hawakupokea. Kazi isipoleta chakula cha kutosha, waliomba nyumba kwa nyumba bila haya.

Juu ya jambo hili Fransisko alikuwa mkali. Wakati mmoja alirudi akakuta watu wa mji wamewajengea ndugu nyumba imara ya mawe. Akapanda juu ya paa, akaanza kung'oa vigae na kuvitupa chini. Askari wa mji wakamwambia kwamba nyumba ile ni mali ya mji, si ya ndugu. Akashuka.

Ndugu walipofika maelfu, si wote walikubali ugumu ule. Wengine walitaka nyumba na vitabu. Jambo hilo lilimtia uchungu mwingi, akawaachia wengine uongozi. Macho yakamwuma mpaka akakaribia kuwa kipofu. Waganga walimchoma kwa chuma cha moto karibu na jicho, wala hakupona. Mwaka 1225 alikuwa amelala kwenye kibanda karibu na kanisa lile la Damiano, haoni mwanga, na panya wanamsumbua usiku. Katika hali hiyo alitunga wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, mwezi, maji na moto. Aliutunga kwa lugha ya watu wa kwao ili kila mtu auimbe. Yule kijana aliyekuwa mzima, mwenye fedha mfukoni, alitazama mizabibu bila kuona raha. Sasa haoni kitu, naye anaimba.

Alikufa tarehe 3 Oktoba, 1226. Kabla ya kufa aliomba avuliwe nguo na kulazwa juu ya ardhi tupu. Ndugu mmoja akaleta kanzu, akamwambia kwamba ni ya kuazima, si yake, kwa hiyo hana ruhusa ya kumpa mtu mwingine. Fransisko akafurahi, akakubali kuivaa.